Mpaka Buji Azoee Beseni

Buyenzi, 6 Februari 2025

Soumaya,

Amani iwe kwako. Simu yako haipatikani, na jirani yetu Epiphanie ameniambia kwamba hutaki kupigiwa. Kama nina neno niliandike, atalibeba asubuhi akienda kazini kwake Kibenga. Basi naandika, mimi ambaye tangu nitoke shule sijaandika kitu kirefu kuliko jina la mteja kwenye kipande cha katoni.

Ni habari ya huyu paka. Jumatatu uliondoka na begi na cherehani, ukamwacha chini ya kitanda. Ni wako. Wewe ndiye uliyemchukua kwa Epiphanie akiwa bado anatetemeka miguu. Tangu Jumatatu amekojoa kwenye viatu vyangu vya gereji, kwenye gunia la mkaa, na leo asubuhi tena kwenye msala. Msala nimeufua mara tatu kwa Javel, ile dawa ya madoa. Nimemkamata nikamsugua pua palepale, kama marehemu mama alivyokuwa akiwafanya paka wake. Analaza masikio, ananiangalia, kisha anarudia.

Sitaki tuanze tena maneno ya Jumatatu. Nilirudi nimechoka, nikataka kuswali alasiri, nikasujudu juu ya mkojo. Nilisema nililosema. Talaka moja imetoka kinywani na siwezi kuimeza. Nauliza tu paka nimfanye nini. Nikuletee, au nimrudishe kwa Epiphanie?

Huseni


Kibenga, 8 Februari 2025

Huseni,

Na kwako amani. Simu nimeizima kwa sababu kwenye simu unapiga kelele. Kwenye karatasi huwezi.

Paka usimlete huku. Assia, mke wa kaka yangu, akikaa chumba kimoja na paka kifua kinambana mpaka midomo inabadilika rangi. Na kwa Epiphanie usimrudishe, paka mama yake tayari ana mimba nyingine. Mlee wewe. Ana wiki saba tu. Hakojoi kwa ubishi, hajui pa kwenda. Tafuta beseni au bidoni, dumu lolote la plastiki, ulikate liwe fupi ili apande, tia kitu cha kufukua, uweke pembeni. Kila akimaliza kula na kila akiamka, mbebe umweke humo, umwache afukue mwenyewe. Kumsugua pua kunamfundisha kukuogopa wewe. Beseni halijui bado.

Faridi alitaka kukujia Jumanne. Alisimama mlangoni na funguo mkononi: "Mi naenda kumuona huyo bwana. Mutu anafukuza dada yangu juu ya paka?" Nikamwambia, "Apana, kaka, kaa." Nilimzuia kwa sababu mambo hayajaisha. Niko katika eda yako. Sheria ilitaka niikalie nyumbani kwako, lakini wewe mwenyewe ulifungua mlango ukausimamia. Mpaka siku zangu ziishe, neno lako moja linatosha kunirudisha, hata kwenye karatasi kama hii. Zikiisha bila neno, kila mtu na njia yake. Unalijua hilo, ila nimependa liandikwe.

Msala usiufue tena kwa Javel.

Soumaya


Buyenzi, 15 Februari 2025

Soumaya,

Nusura nimuue paka wako. Nakwambia mimi kabla Epiphanie hajakwambia.

Nilikata bidoni ya lita ishirini, nikaipiga msasa kingo zisimchane, kazi safi. Nikatafuta kitu cha kufukua. Gerejini tuna maranda ya mbao, yale tunayomwaga chini oili ikimwagika. Nikajaza. Aliingia, akafukua, akakojoa humo humo, nami nikafurahi mwenyewe chumbani kama mjinga. Jioni alianza kujiramba miguu, akaramba, akaramba, kisha akatapika hadi akalala ubavu. Maranda yalikuwa yamekwisha kunywa oili ya magari ya watu. Mimi ninayenusa mafuta mwaka mzima, sikunusa.

Epiphanie alikuja mbio. "We Huseni, uko na akili kweli? Mutoto wa paka unamulaza mu vidange, mu oili chafu?" Akamwosha kwa sabuni ya kipande, akamkausha na shati langu, mimi nikashika tochi ya simu kama mwanafunzi. Siku mbili hakula. Nilikaa naye. Magari yenyewe yamelala, petroli hakuna, watu wanatembea kwa miguu, hakuna anayekuja kutengenezewa kitu.

Leo amekunywa maziwa, akaruka juu ya meza, akaangusha kikombe chako cha bluu. Kimepona. Sasa namwita Buji, kama plagi ya injini, kwa sababu akiguswa kidogo tu anawaka. Nimemwekea mchanga wa kujengea, niliouomba kwa jirani na kuuchekecha. Bidoni iko karibu na sahani yake ili asitembee mbali, lakini anapita pembeni, anaenda kukojoa nyuma ya mlango. Kwa nini?

Huseni


Kibenga, 18 Februari 2025

Huseni,

Wewe ungekula chooni? Ondoa sahani, ipeleke upande wa pili wa chumba.

Javel ndiyo inayomwita kwenye msala. Kwake inanuka kama mkojo wa paka mwingine, naye anatia wake juu. Fua kwa siki, kisha anika juani. Na usisafishe bidoni ikang'aa kama sufuria. Toa uchafu, acha mchanga kidogo wenye harufu yake, ili kesho aikumbuke njia. Usiku mfungie chumba kimoja na bidoni yake, asizurure. Akikosea, futa, nyamaza. Akipatia, mpapase. Ni kazi ya wiki nyingi, na kila ukimpigia kelele unarudi mwanzo.

Kwenye "Buji" nilicheka, Assia akaja kuniangalia. Sijacheka tangu nifike hapa. Nashona sare za wanafunzi na mama mmoja wa Mutakura, Patricia, ananiletea vitambaa. Chumba nilichopewa kina dirisha linaloangalia ukuta. Nimezoea.

Kwa maranda pole. Ulivyokaa naye siku mbili, nimefurahi.

Soumaya


Buyenzi, 5 Machi 2025

Soumaya,

Ramadhani hii iwe ya kheri kwako. Futari napata msikitini, usiwe na wasiwasi.

Uliyosema ni kweli yote. Sahani nimeihamisha, siki nimenunua, jirani zangu wanadhani naanza kupika achari. Buji sasa anaingia mara tatu au nne kwa siku. Mara nyingine huingia, hufukua kwa juhudi, halafu hutoka na kukojoa hatua mbili mbele, kana kwamba alikuwa anapima tu. Juzi alifanya hivyo mbele ya macho yangu. Mkono uliinuka, Soumaya. Niliuona umeinuka nikaushusha, nikachukua kitambaa. Alibaki ananitazama. Nilipiga magoti nikafuta, nikaona haya mbele ya paka.

Nyumba bado inanuka. Nafungua madirisha, napaka dawa, lakini mtu akiingia atajua. Sipendi mtu aingie ikiwa hivi. Unaijua kazi yangu, sijawahi kumwita mteja kabla gari halijazunguka Buyenzi nzima bila kulia. Kumwita mapema, akaja, akapanda, likamzimikia mbele ya msikiti, hiyo ni fedheha.

Huseni


Kibenga, 9 Machi 2025

Huseni,

Mtu gani huyo unayeogopa aingie?

Mkono ulioshuka nimeusoma mara nyingi. Siku ile ya Jumatatu ulimtupa nje kwa ngozi ya shingo, kabla hajarudi kujificha chini ya kitanda, na mimi niliposema "ni kiumbe mdogo" ndipo ukageukia kwangu. Laiti ungekuwa na kitambaa siku ile.

Harufu ya mkojo wa paka haijaua mtu. Nimeishi na harufu ya dizeli yako miaka tisa, sikuwahi kuhama.

Siku zangu zinapungua. Sitasema zaidi ya hapo, kuna mambo mwanamke hayaandiki. Buji mpapase chini ya kidevu, hapo ndipo anapopenda.

Soumaya


Buyenzi, 22 Machi 2025

Soumaya,

Buji anapatia mara tano kati ya sita. Nimemhamishia mchanga laini, na nimemtengenezea kizingiti cha bati asiumwage nje. Epiphanie alikuja kumwona, akasema, "Eh, uyu mutoto amekuwa na adabu kushinda we." Nilimwacha aseme.

Usinikumbushe habari ya siku kama mtoto wa madrasa. Nazijua. Nimezitia alama kwenye kalenda ya gereji na kila asubuhi nafuta moja. Kila kitu kwa wakati wake.

Huseni


Kibenga, 2 Aprili 2025

Huseni,

Idi njema, ingawa imepita. Nilivaa gauni la kijani. Tangu watu watoke kuswali nilikaa barazani, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo niliinua shingo. Assia aliniletea pilau hapo hapo. "Wifi, uko unangoja nani?" Nikamwambia napunga upepo.

Siku zimebaki chache. Ni mara ya pili kuliandika na sitaliandika mara ya tatu.

Soumaya


Buyenzi, 6 Aprili 2025

Soumaya,

Idi njema na kwako. Kulikuwa na jambo nililipanga kwa siku ya Idi. Nilinunua shuka jipya, nikapiga deki nyumba nzima, nikanyoa. Asubuhi hiyo nikatoka kuswali, nikarudi, nikakuta Buji amekojoa katikati ya shuka. Sikumfanya kitu. Nilikaa kwenye kiti na kanzu yangu mpaka adhuhuri, nikasema, bado. Nikatoa godoro nje.

Kosa ni langu, nilimfungia bila kubadilisha mchanga. Lakini imenionyesha kwamba hajakamilika. Nipe wiki tatu hivi. Nikimwona ametimiza wiki mbili bila kukosea, hapo nitajua kazi imeshika. Wewe tulia, siku ninazo.

Huseni


Buyenzi, 24 Aprili 2025

Soumaya,

Hukujibu. Nimeona ni hasira, nami sikukusumbua, nikafanya kazi.

Tangu tarehe saba mpaka leo, siku kumi na saba, Buji hajakosea hata mara moja. Mlango wazi, mlango umefungwa, mgeni yupo, mgeni hayupo, anaenda mwenyewe kwenye bidoni yake, anafukua, anafunika, anatoka. Nyumba hainuki. Nimemwita Epiphanie akanusa kila kona, hata chini ya kitanda, akasema iko vizuri. Msala nimenunua mwingine, na ule wa zamani nimemkatia Buji matandiko.

Sasa naweza kukuita. Nilitaka ukiingia usikute chochote cha siku ile, si harufu, wala doa, wala mtu mwenye mkono wa kuinuka. Ulimwacha paka asiyejua kitu pamoja na mwanamume asiyejua kitu, nikasema sitakurudisha kabla wote wawili hatujafundishika.

Kwa hiyo naandika kwa mkono wangu: mimi Huseni nimemrejesha mke wangu Soumaya katika ndoa yangu. Mafundi wawili wa gereji wameshuhudia, majina yao yako nyuma ya karatasi. Eda inaisha tarehe tatu Mei, kwa hiyo tumebakiwa na siku tisa. Jumapili nitakuja na taksi, petroli nimekwisha kuitafuta. Mwambie Faridi nitamwomba radhi mbele yake.

Mumeo,
Huseni


Kibenga, 26 Aprili 2025

Huseni,

Usije Jumapili.

Eda yangu iliisha Alhamisi, tarehe kumi Aprili, kabla ya adhuhuri. Leo ni siku ya kumi na sita mimi si mke wako.

Nimesoma "tarehe tatu Mei" mara nyingi, nikidhani nimekosea kusoma. Miezi mitatu umeitoa wapi? Miezi mitatu ni ya mwanamke aliyekoma hedhi. Mwanamke wa umri wangu anahesabu twahara zake tatu, na damu ya tatu ikianza, mlango umefungwa. Mimi nina miaka thelathini na nne, Huseni. Umelala ubavuni kwangu miaka tisa.

Nikakumbuka ulivyowahi kuniambia kwamba baba yako alimwacha mama yako, Mwanne, akiwa amezeeka, na kwamba wewe ulimwona akikaa chumbani miezi mitatu. Basi ndiyo eda pekee uliyoiona. Umenihesabia eda ya mama yako.

Barua yako ya tarehe sita ilinifikia zikiwa zimebaki siku tatu. "Nipe wiki tatu. Tulia, siku ninazo." Nilielewa kwamba unajua, na kwamba umechagua kuziacha ziishe, na paka ni njia yako ya kuniambia kwa upole. Siku ya Alhamisi nilikaa kwenye cherehani na kitambaa mkononi, sikushona hata mshono mmoja. Nililia siku nzima, na ya pili. Ya tatu nilioga nikala.

Na mimi nina langu. Mstari mmoja ungetosha: "zinaisha wiki ijayo." Niliona haya, na kiburi kikanisaidia kuona haya. Nilitaka unirudishe bila kuvutwa. Sasa najua ulikuwa unakuja, na afadhali nisingejua.

Soumaya binti Ramadhani


Buyenzi, 30 Aprili 2025

Soumaya,

Nilikwenda kwa Maalim Aboubacar wa msikitini na barua yako. Aliniuliza swali moja, "Mke wako bado anaona siku zake?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani. Kisha akasema, "Baba, ungeniuliza mbele ya yote. Hii kitu ni ya kuuliza." Msikiti uko hatua mia moja kutoka gerejini. Miezi yote hii napita pale mara tano kwa siku.

Sikuuliza kwa sababu nilidhani najua. Mteja akiniletea gari na kuniambia anajua ugonjwa wake, namcheka.

Maalim anasema njia ipo. Talaka ilikuwa moja, tunaweza kufunga ndoa mpya, kwa mahari mapya na ridhaa yako. Nitakuja na wazee. Utakachotaja nitaleta. Nakuomba, Soumaya. Sikukuomba kitu tangu uondoke, nilikuwa nakuandikia habari za mchanga, na ndani ya mchanga mlikuwa na maombi yote. Nyumba hii ni safi na haina mtu. Nakupenda, na hilo nalo nililiweka mpaka likamilike.

Huseni


Kibenga, 4 Mei 2025

Huseni,

Nimekaa na barua yako siku tatu, ili usiseme nilijibu kwa hasira. Sina hasira.

Najua njia ipo. Ningelikubali neno moja siku ya Idi, na shuka limelowa, na nyumba inanuka, ningeingia jikoni nikachukua siki. Sikuwa mteja wako. Nilikuwa wa kuinama na wewe kufuta. Ulinitaka nje mpaka umalize, na huko nje mimi nikamaliza vyangu.

Nimezisoma barua zako zote kwa mpangilio. Umeniandikia kuhusu Buji anavyokula, anavyolala, anavyokasirika, mchanga anaoupenda. Barua saba, na mpaka ile ya mwisho hukuniuliza habari zangu hata mara moja. Nilidhani labda nimeruka mstari, nikarudia.

Patricia amenipatia chumba Mutakura, karibu na pale anapouzia sare. Nahamia wiki hii na cherehani yangu. Jibu langu ni hapana, na sitaki wazee waje wakasikie hilo kwa masikio yao, kwa heshima yako.

Nimekusamehe ile Jumatatu. Hizi siku tisini ulizonihesabia ndizo zinazonishinda, kwa sababu ulizihesabu kwa mapenzi.

Hii ni ya mwisho. Sasa wewe kwangu ni mtu baki na si adabu tuandikiane. Ukiwa na neno la lazima, mpelekee Faridi.

Soumaya binti Ramadhani


Buyenzi, 11 Mei 2025

Ndugu Faridi,

Bado sijui nikuiteje, maana shemeji ndilo jina lililozoeleka mdomoni. Nakuandikia wewe kwa sababu yeye siruhusiwi kumwandikia tena, na ni haki yake.

Sina ombi. Jibu lake nimelipokea, na wazee sikuwatuma. Radhi niliyotaka kukuomba mbele yako nakuomba hapa: nilimfukuza dada yako mlangoni, akiwa hana kosa.

Nataka kuuliza mambo machache na sijui niyaulize kwa nani mwingine. Anakula? Zamani akiwa na huzuni alikuwa haguswi na chakula mpaka umwekee chai kwanza. Analala? Chumba cha Mutakura kina dirisha la kupitisha hewa? Mgongo wake unauma akishona zaidi ya saa mbili, alikuwa akiegemea mto, sijui kama alibeba mto. Magoti yake baridi ikija yanamsumbua, je, yuko na mtu wa kumsaidia kubeba maji?

Ukiona si adabu kunijibu, usinijibu. Na tafadhali usimwambie kwamba nimeuliza sasa.

Huseni